Ukanda Uliofunga Ndagala

Jikoni kwangu kuna mwiko usiosonga kitu. Umetundikwa msumarini juu ya mtungi, mpini wake umekuwa mweusi kwa moshi na mafuta ya mawese, na kila mwaka wakwe zangu wanakuja na maneno yao: mama, tuutupe huu, tukununulie mwingine. Nawajibu vibaya, najua. Mimi ulimi wangu hauna breki tangu utotoni, na mtu akiugusa ule mwiko ndiyo kabisa. Lakini sasa nimezeeka, kugombana kunanichosha, bora niandike kisa chake wasome wenyewe waniache.

Nilikulia Rumonge, mji wa Warundi ulio ufukoni mwa ziwa, mtaa wa Waswahili, mikononi mwa bibi aliyemzaa mama yangu. Mama alikuwa ameolewa tena Usumbura, mji mkuu, na mume wake mpya hakutaka mtoto wa mtu. Basi nyumbani tulikuwa watatu: bibi, mimi, na mjomba wangu, kitinda mimba wa bibi. Bibi alikaanga mandazi kwa mawese, akayauza kando ya barabara asubuhi. Mjomba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alianza chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, akahitimu msahafu, kisha akaingia shule ya wamisionari akatoka na Kifaransa chake na shati la kola. Mtaani kwetu watu wa namna hiyo walikuwa wachache, na bibi alijivuna naye hadharani bila haya. Akipita barabarani bibi aliacha karai likiungua ili amtazame.

Mjomba alikuwa na ugonjwa mmoja: maandishi ya siri. Mzungu mmoja aliyekuwa anafunga mizigo kurudi kwao alimpa kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada, kikieleza jinsi wafalme, majemadari na majasusi wa zamani walivyokuwa wakiandikiana barua zisizosomeka. Alikisoma akila. Alikisoma akingoja maji yachemke. Bibi alikuwa akimwambia, "Wewe na icho kitabu yako, siku moja utamwaga chai ndani, nifurahi."

Siku za uhuru zilipokaribia mimi nilikuwa na miaka kama kumi. Shuleni tulifundishwa kutembea kwa mistari kwa ajili ya defile, gwaride la siku yenyewe, mikono juu, mikono chini, macho kulia kwa wakubwa. Direkta, mkuu wa shule, akatangaza kwamba mustari wa mbele ni wa watoto wenye viatu. Mimi nilikuwa wa mbele tangu siku ya kwanza kwa sababu nilijua kutembea kuliko wote, na viatu sikuwa navyo. Nikamuuliza mbele ya watoto wote, "Kwani uhuru inakuja kuangalia miguu yetu?" Watoto wakacheka. Direkta hakucheka. Alinitoa mustari wa mbele, akanitoa na mustari wa nyuma, akaniambia siku hiyo nibaki kwetu nimsaidie bibi kukaanga.

Nilirudi nyumbani nikilia kwa hasira, nikapiga teke ndoo ya bibi, nikaumia kidole, nikalia zaidi. Nilitegemea mjomba anichape. Mwalimu kusikia mtoto kamjibu direkta, tena mtoto wa nyumba yake! Yeye aliniangalia tu, mdomo ukimcheza. Kesho yake akanipa kipande cha karatasi.

"Mu hii nyumba iko hazina," akasema. "Ukijua kusoma, itakuwa yako. Ukishindwa, nitaichukua mwenyewe."

Kwenye karatasi palikuwa na herufi nne tu: NLQX. Nikamwambia hii si neno ya Kiswahili wala ya Kirundi wala ya Kifaransa. Akanikalisha chini. Akanisimulia habari za mkuu mmoja wa majeshi ya Warumi ambaye hakuwaamini matarishi wake, kwa hiyo kila herufi aliisogeza mbele hatua tatu: penye A akaandika D, penye B akaandika E. Aliyepokea barua alirudi nyuma hatua tatu, akasoma. Nikahesabu kwa vidole. N ikarudi ikawa K. L ikawa I. Kinu! Nilikimbia uani nikakibinua kinu cha bibi na mtwangio wake, mihogo ikamwagika, bibi akapiga kelele, na chini yake palikuwa na karatasi ya pili.

Hiyo ilikuwa na tarakimu tu: 20, 6, 20, 6. Mjomba akaniuliza, "Chuoni wamekufundisha abjadi ama wanakufundisha kulala?" Abjadi nilikuwa naijua. Ni ile hesabu ya wanachuoni ambayo kila herufi ya Kiarabu ina namba yake, alifu moja, be mbili, na kuendelea. Masheikh wetu waliitumia kwenye hirizi na kutafuta nyota ya mtu. Kafu ni ishirini, wau ni sita. Kafu, wau, kafu, wau. Nilirudi uani tena, safari hii kwa kuku, na chini ya kuku aliyelalia mayai nikaokota ukanda wa nguo nyeupe, mwembamba kama upana wa kidole, mrefu kunipita, umejaa herufi moja moja kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilipozisoma zikanitukana. A, K, T, I, N, hakuna kitu.

Nilijaribu kurudi hatua tatu. Nilijaribu abjadi. Siku mbili nzima nilihangaika na ule ukanda, na mjomba akinipita anapiga mluzi. Siku ya tatu nikamtupia usoni.

"Wewe ni mwongo. Hakuna kitu humu."

Hakukasirika. Akanieleza kwamba Wagiriki wa kale, askari wao walikuwa wakifunga viunoni mikanda ya ngozi yenye herufi zilizovurugika. Mtu akikamatwa, adui anaona mkanda tu. Lakini akifika kwa mkubwa wake, mkubwa anatoa fimbo, anauzungusha ule mkanda kwenye fimbo, duara kando ya duara, na herufi zinakaa mustari mmoja zikisomeka. Siri yote iko kwenye unene wa ile fimbo. Ikiwa nene kidogo au nyembamba kidogo, unasoma upuuzi.

"Sasa fimbo iko wapi?"

"Utafute. Haijatoka mu nyumba."

Nilijaribu mpini wa ufagio. Nikajaribu mpini wa jembe, ufito wa chandarua, mwavuli wa bibi, bakora ya jirani niliyoiiba kibarazani. Bibi alikuwa anasonga bugali, akinitazama nikizunguka na kitambaa changu mithili ya mwehu, akasema, "Huyu mutoto mumempa dawa gani?" Mjomba akaangua kicheko, macho yake yakaenda kwenye mkono wa bibi, akayarudisha haraka. Nikaona. Nikamnyang'anya bibi mwiko ukiwa na bugali bado, nikafuta mpini kwa gauni langu, nikazungusha. Herufi zikajipanga: CHINI YA KITANDA CHA BIBI.

Palikuwa na viatu. Viatu vya turubai vyeupe, vikubwa kwa namba mbili, vimefungwa kwenye gazeti. Mjomba alikwenda mwenyewe kwa direkta, sijui walisema nini, na siku ya uhuru nilitembea mustari wa mbele kabisa, pamba imejazwa kwenye vidole, drapo, bendera yetu mpya, mkononi. Bibi alisimama kando ya barabara akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Ukanda ule ukaja kufungia mfuko wa chumvi. Mwiko ukaendelea kusonga bugali. Mimi na mjomba tukabaki na mchezo wetu, tukiandikiana upuuzi kwa mikanda ya nguo na kuizungusha kwenye mpini ule ule kila bibi alipouweka chini, na bibi akitufukuza jikoni kwake. Hakutuuliza tunasoma nini, na sisi hatukumwambia.

Miaka kumi ikapita. Mwaka wa sabini na mbili sitausimulia wote. Walioukuta wanaujua, na ambao hawakuukuta siwezi kuwaonyesha kwa kalamu. Nitasema tu yaliyotokea mlangoni kwetu. Risasi zilisikika siku kadhaa, watu wakakimbilia milimani Kizuka, wengine wakaingia ziwani na mitumbwi. Kisha pakanyamaza, na ukimya ule ulikuwa mbaya kuliko risasi, kwa sababu ndipo kamyo, malori ya askari, zilipoanza kupita na majina kusomwa. Walisomwa zaidi wale waliosoma. Walimu, makarani, manesi, mtu yeyote mwenye biki, kalamu ya wino, mfukoni. Nilimwona mjomba akitoa biki yake kwenye shati na kuiweka juu ya meza. Akambusu mama yake mkononi. Akatoka kwa mlango wa uani, pale penye kinu, na hakurudi.

Jirani mmoja alisema alimwona juu ya kamyo. Mvuvi mmoja alisema la, alimwona anatembea ufukoni kuelekea kusini, suruali imekunjwa magotini. Kati ya maneno hayo mawili bibi yangu aliishi miezi.

Hakulia. Alilala saa moja au mbili tu, kifua kikambana, akawa anakaa kitandani ameshika titi la kushoto anahema. Imamu wetu, mzee mpole, alikuja siku moja mchana akakaa naye. Akamwambia wanaweza kusoma hitma kimya kimya, milango imefungwa, watu watano tu, ili mwanawe apate haki yake. Matanga ya wazi mwaka ule hakuna aliyethubutu kuweka.

"Imamu," bibi akamwambia, "mimi nimezika mutu?"

"Hapana, mama."

"Basi musinisomee mutoto wangu kama maiti. Siku mutanionyesha kaburi, nitasoma mimi mwenyewe."

Imamu akainamisha kichwa. Mimi nilimuunga mkono bibi kwa mdomo, lakini moyoni nilikuwa nimeshamzika mjomba. Ninaandika hivyo nikiona aibu. Nilikuwa na miaka ishirini, nilichoka kutazama mlango.

Ziwa lilipoanza tena kuvuliwa, ndagala, dagaa wetu, zikarudi sokoni. Kulikuwa na mwanamke mmoja Mukongomani, Mkristo, aliyekuwa anachukua ndagala Kabonga, kule mwisho kabisa karibu na mpaka wa Tanzania, anazileta Rumonge. Asubuhi moja alisimama mbele ya karai letu, akanunua mandazi mawili, akatuwekea mezani furushi la ndagala zilizokaushwa ambalo hatukuliagiza.

"Mama, amahoro. Hii walinipa kule Kabonga. Mwanaume wa mutumbwi alisema, umupe mama wa mandazi wa Rumonge, yule wa karibu na musikiti. Miye sijui kitu ingine. Usiniulize, tafazali."

Akaondoka haraka na mandazi yake hakuyamaliza.

Furushi lilikuwa la majani ya mgomba, na limefungwa kwa ukanda wa nguo nyeupe, mwembamba kama upana wa kidole.

Sasa msomaji wangu ameshajua. Ameshajua kabla yangu, na hiyo ndiyo inayonikera mpaka leo. Lakini nisikilize. Herufi zilizokuwa kwenye ukanda ule hazikuwa za shule. Zilikuwa za Kiarabu, moja moja, zimeachana, zimeandikwa kwa wino wa masizi, ule ule wa chuoni. Mchezo wetu tuliucheza kwa herufi za Kizungu miaka yote. Na mtu wa mtaa wetu, Mwislamu, akiona herufi za Kiarabu zimeachana hivyo na hazisomeki, haulizi mara mbili. Hiyo ni hirizi au ni kombe.

Kombe kwetu ni dawa. Sheikh anaandika aya kwenye sahani nyeupe au karatasi, maandishi yanaoshwa kwa maji, na mgonjwa anayanywa. Bibi alininywesha kombe nikiwa na surua, akalinywa yeye mwenyewe alipofiwa na mume. Aliufungua ukanda ule kwenye furushi, akaushika kwa mikono miwili, akaubusu, akauweka kwenye paji la uso.

"Bismillahi. Wamenisikia ugonjwa yangu hata kule," akasema. "Iko sheikh wa ng'ambo amenifanyia kombe. Wameandika kwa nguo kwa sababu karatasi ingelowa mu mutumbwi."

"Soma kwanza, bibi, ni aya gani?"

Akazifuata herufi kwa kidole, mimu, nuni, alifu, mimu. "Hii si ya kusoma watu kama siye. Hii ni ya wakubwa." Akanipa niangalie. Nikaushika na mikono yangu iliyotoka kwenye donge la mandazi na mawese, nikaupitisha vidoleni, na mimi pia sikuona kitu. Mimi! Niliyekuwa bingwa wa mtaa wa mambo hayo, niliyejigamba mbele ya kila mtu. Nilikuwa nimeshamzika mtu aliyenifundisha, basi hata kitu chake kilipowekwa mkononi mwangu sikukijua.

"Lete maji," bibi akasema.

Nikaleta. Bakuli jeupe la bati lililopakwa enameli, maji ya mtungini, ya baridi. Bibi akaulowesha ukanda wote, akauminya taratibu huku akisoma, maji yakageuka rangi ya majivu. Akageukia kibla, akanywa mafunda matatu, akapumzika, akamaliza.

"Alhamdulillahi," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka kwa mara ya kwanza tangu kamyo zile.

Akanipa ukanda niukaushe, ili aufunge mkononi. Kitambaa cha kombe hakitupwi. Nilikuwa ndio nimemaliza kuosha vyombo vya bugali wa mchana, mwiko uko mkononi, na kwa sababu sikutaka kitambaa kikunjamane, nikauzungusha kwenye mpini niweke karibu na makaa. Duara kando ya duara. Mikono yangu ilifanya yenyewe, ilikuwa imefanya hivyo mara mia utotoni.

Nguo ilikuwa imefifia yote isipokuwa sehemu moja, kama shubiri mbili, palipokuwa na madoa ya njano. Pale niliposhika na vidole vya mawese, maji hayakuingia. Na kwenye mpini, sehemu hiyo ikajipanga. Kulia kwenda kushoto, mustari wa kwanza: *mama*. Mustari wa pili: *hai*. Mustari wa tatu: *Ijumaa*. Kabla ya maneno hayo, weupe. Baada yake, weupe.

Nilikaa chini pale pale kwenye majivu. Nilizungusha tena, nikabana, nikaachia, nikainua mpini kwenye mwanga wa mlango. Hakuna. Alikuwa ameandika mistari mitatu na mimi nimebaki na maneno matatu. Yu hai. Kuna Ijumaa. Ijumaa gani, na wapi, na afanye nini mtu, vilikuwa tumboni mwa bibi yangu, na maji nilileta mimi. Nilijichukia siku ile kuliko nilivyowahi kumchukia mtu, na nimewachukia watu.

Nikaelewa pia alivyofikiri mjomba. Alitumia herufi za chuoni makusudi, ili askari akiukamata ukanda auone hirizi auache, maana hirizi kila mtu alikuwa nazo mwaka ule. Alimdanganya askari, akamdanganya na mama yake. Huko aliko alichonga fimbo ya unene ule ule kwa kukumbuka tu, akanitegemea mimi niliyebaki na mpini.

Nilifikiri kunyamaza. Bibi alikuwa amelala, usingizi wa kweli, mdomo wazi. Nikajiambia, mwache, ameamini dawa, dawa inafanya kazi. Lakini Ijumaa ilikuwa inakuja. Alipoamka kuswali alasiri nikamwekea mwiko mapajani, ukanda umezungushwa, nikamwonyesha kwa kidole.

"Bibi, hii haikuwa kombe. Ni barua. Ni mjomba."

Alisoma mwenyewe. Herufi alizijua vizuri kuliko mimi. Alisoma *mama*. Alisoma *hai*. Akapitisha kidole kwenye weupe, akarudi, akapitisha tena. Nilingoja apige kelele za furaha. Aliponiangalia macho yake yalikuwa makavu na yamekasirika kiasi ambacho sijawahi kukiona.

"Muliyazungusha haya mu jikoni yangu," akasema. "Miaka yote ile. Mwiko ni yangu. Jiko ni yangu. Mwana ni wangu. Na hamukunifundisha."

Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kuninyamazisha, nilishusha macho. Tungemfundisha kwa dakika moja. Haikutupitia hata akilini, tulimwona ni mtu wa kutuazima mpini.

Ijumaa hiyo tulitoka na kikapu cha mandazi kuelekea Kabonga, kwa kuwa ndiko furushi lilikotoka na hatukuwa na mahali pengine pa kukisia. Tulifika kwenye baryeri, kizuizi cha askari, ya kwanza baada ya mji. Askari akaomba lesepase, karatasi ya ruhusa ya safari. Hatukuwa nayo. Bibi akamwambia anakwenda kuuza mandazi, askari akala matatu, akasema, "Mama, rudi kwako, nisikuone tena hapa." Alisema kwa upole, na bunduki yake ilikuwa imeelekea kwenye kikapu. Tukarudi kwa miguu, jua la adhuhuri, bibi akisimama kila mara kushika kifua, akitazama ziwa. Ijumaa iliyofuata alikaa kibarazani tangu asubuhi hadi magharibi, na ile nyingine pia.

Kati ya hizo Ijumaa nilimfundisha. Kwa jioni moja alikuwa anaandika kunishinda mimi, mkono wake ulikuwa imara na herufi zake nzuri. Akachana leso yake nyeupe, akachemsha masizi na gundi, akazungusha ukanda kwenye mpini akaandika mwenyewe: *Barua yako niliinywa. Andika tena. Mama yako.* Yule Mukongomani alipokuja tulimfungia mandazi ishirini kwa ukanda ule. Akautazama, akatutazama sisi, akasema, "Mama, weye unanitafutia matatizo." Kisha akaweka furushi kichwani. Mungu ampe pepo yoyote anayoiamini.

Alikuja mara tatu na ndagala zilizofungwa kwa kamba ya mgomba. Kila mara bibi alifungua kamba ile taratibu, akaichunguza pande zote, akaitupa. Mvua za mwisho wa mwaka zikaanza. Mara ya nne, mwanamke yule hakununua mandazi wala hakusalimu, aliweka furushi akapita, na furushi lilikuwa na ukanda.

Hii ndiyo barua ya mwisho tuliyopata kwake. Mjomba sikumwona tena, na bibi hakumwona tena. Lakini siku hiyo hatukujua hivyo.

Bibi alifunga mlango. Akafuta mpini wa mwiko kwa upindo wa kanga yake, akaukausha, akaanza kuzungusha, duara kando ya duara, ulimi umetokeza kwenye kona ya mdomo kwa bidii. Nilinyoosha mkono kumsaidia akanipiga kofi mkononi. Alisoma kwa sauti ndogo, herufi kwa herufi, kisha neno kwa neno.

"Mama. Nilikungoja Ijumaa tatu. Sasa siye wakimbizi wanatupeleka bara, mbali na ziwa. Niko hai. Musinisomee."

Akasoma tena. Aliposoma mara ya tatu kwenye *Ijumaa tatu* sauti ilimkatika, na hapo ndipo bibi yangu alipolia, kwa mara ya kwanza mwaka ule, ameukumbatia mwiko kifuani, na mimi nimemkumbatia yeye. Alilia mwanawe kusimama kwenye mchanga wa ufuko wa Tanzania akitazama mutumbwi usiokuja, akidhani mama amekataa au amekufa. Alilia mpaka akachoka. Kisha akajifuta uso, akafungua ukanda, akaukunja kiganjani.

Nje kamyo ilipita barabarani, tukanyamaza wote wawili mpaka mlio wake ukaisha. Kuwa na maandishi yaliyotoka ng'ambo ilitosha mtu kuondoka na asirudi.

"Bibi, tuuchome," nikasema.

"Nimuchome mutoto wangu?" Alikuwa ameshageukia kibla. "Lete maji."

Nikachukua lile bakuli jeupe. Lakini kwanza nilikwenda uani, nikanawa mikono kwa majivu na maji, nikasugua vidole kimoja kimoja mpaka mawese yote yakatoka.